Mtu wa Ndani ya Pipa

Ijumaa, 1 Novemba 1793

Mvua tangu alfajiri. Goti la kushoto linauma. Nimenunua heringi wawili kwa Bi Stijntje Roeper, mwenye nyumba wangu, anayeuza samaki chumba cha chini na kunipangisha cha juu. Akanifungia kwenye karatasi. Nikapanda ngazi, nikafungua. Loo! Nikajiona mwenyewe!

Ndiyo, mimi, Evert Kwadijk, nakimbia na soseji mkononi. Ilikuwa karatasi ya picha za Pipa la Siagi, zile picha kumi na sita za kuchapwa kwa ubao zinazoning'inizwa kwenye madaraja ya Amsterdam nzima. Watoto wanazibandika ukutani. Mchezo wetu! Miaka ishirini na miwili tuliucheza katika kibanda cha mbao, gulio hadi gulio, Leiden, Alkmaar, hadi vijiji ambako ng'ombe walikuwa wengi kuliko watazamaji. Mimi nilikuwa Lammert mtumishi. Barend Ooms alikuwa wakili mwenye pua. Na Aaltje, marehemu mke wangu, alikuwa kijakazi mwenye ufagio.

Nikatafuta picha ya kumi na moja. Ndiyo iliyokuwa inangojwa na watu mwaka mzima. Wakili amekuja kuposa, amekaa juu ya pipa la siagi, hajui kwamba Lammert amejificha ndani. Kijakazi anamtwanga wakili kwa ufagio. Chini yake mistari miwili:

*Wakili kakaa juu ya pipa kwa raha,*
*Hajui chini yake kuna mtu na njaa.*

Lakini ubao umezeeka, wadudu wameutafuna. Aaltje hana uso tena. Ni doa jeusi lenye ufagio. Na mafuta ya samaki juu yake. Nikafuta kwa mkono wa shati. Doa likaongezeka.

Mchana nikaenda darajani kwa Barend, ambaye siku hizi anauza picha hizo, amezibana kwenye kamba kama nguo za kufuliwa. Akanipa habari kwa furaha isiyo na adabu. Mama Pauw, mwenye kiwanda cha kuchapa, anachongesha ubao mpya! Mchongaji ameshamchora Barend siku mbili. Pua peke yake ilichukua asubuhi nzima. Nikauliza, na mimi je? Akasema, "Wewe umekunjamana, mzee mwenzangu. Ubao wenyewe hautatosha kwa mikunjo hiyo."

Wapita njia wawili wakacheka. Na wala hawakununua kitu.

Kesho naenda kwa Mama Pauw. Nina mpango.


Jumamosi, 2 Novemba

Mpango wenyewe: niende nimevaa nguo za Lammert, ili Mama Pauw akiniona tu aseme, huyu hapa! Nimeitoa sandukuni ile suruali ya njano. Nondo wameonja mguu mmoja. Ikagoma tumboni. Nikabana pumzi, ikakubali. Nikatembea mitaa mitatu bila kupumua.

Kiwandani kuna meza ndefu ya wanawake wa kupaka rangi. Mmoja nyekundu, mmoja njano, mmoja buluu, wanapaka huku wanasengenya, na rangi haijali mstari. Nikaingia kwa ile hatua yangu ya zamani: kuruka, kugonga visigino hewani, kutua. Nilipotua suruali ikapasuka nyuma, juu hadi chini. Walicheka mpaka kikopo cha nyekundu kikamwagika. Nikainama kuwashukuru kama zamani jukwaani. Halikuwa wazo zuri.

Mama Pauw hakucheka. Ni mjane mfupi, ana funguo kiunoni, maneno yake yamehesabiwa. Alisema Lammert hahitaji sura. "Mtumishi ni mtumishi, Bwana Kwadijk. Kofia na miguu miwili, watoto wanamjua." Kinachouza karatasi ni pua ya wakili na huyo kijakazi, basi.

Kofia na miguu miwili! Miaka ishirini na miwili!

Nikawa naondoka kinyumenyume, kwa sababu ya suruali, ndipo mchongaji akaniita pembeni. Hessel Blom, kijana mpole wa miwani. Alisema picha kumi na tano tayari. Imebaki ya kumi na moja. Kwenye ubao wa zamani mke wangu amelika kabisa, na Barend kila akiulizwa anarudi kwenye pua yake. Je, mimi mumewe ningeweza kumweleza? Alisimamaje? Alitazama wapi? Uso wake ulikuwaje pale?

Nikasema bila shaka! Nani mwingine? Nikamweleza robo saa nzima. Mashavu hivi, mikono hivi, kiuno hivi. Akaandika yote.

Nimerudi na koti nimelifunga kiunoni. Sasa niandike ukweli, kwa kuwa humu hasomi mtu. Sikujua nilichokuwa nasema. Katika picha ya kumi na moja mimi niko ndani ya pipa. Kila siku, kila gulio, ndani ya pipa. Sijawahi kuiona.


Jumapili, 3 Novemba

Kanisani. Mhubiri alisema kwa saa mbili juu ya jambo fulani. Sikusikia.

Nilikuwa nasikia mengine. Ndani ya pipa mlikuwa na harufu ya siagi iliyochacha, hata tulipoliosha kwa maji ya moto. Giza, na ufa mmoja upande usiofaa, unaoonyesha pazia. Barend anakaa juu, mbao zinalia. Halafu viatu vya Aaltje. Hatua tatu. Kimya kidogo, ananyanyua ufagio. Pa! Na kile kicheko! Kilikuwa kinaanzia nyuma, kwa wale waliosimama, kinakuja mbele kama mvua inavyokuja juu ya paa. Pa! Pa! Na katikati ya makelele yale, yeye alikuwa anapita karibu na pipa na kuligonga kwa ngumi mara mbili, polepole. Maana yake: niko hapa, vumilia. Hakuna aliyejua isipokuwa sisi.

Hayo yote ninayo. Ila sura sina. Nikifumba macho unanijia uso wake wa ile Machi ya mwisho, miaka saba iliyopita, kitandani Alkmaar, homa ya mapafu imemmaliza. Huo sikutaka kumpa Blom. Mtoto wa nani anunue huo? Ndiyo maana nikampa mwingine wowote ulionijia, wenye afya.

Bi Stijntje ameniuliza kwa nini sikula. Nikasema jino.


Jumatatu, 4 Novemba

Balaa.

Nimekwenda kiwandani asubuhi kuangalia mchoro. Blom akaufunua kwa fahari. Mama Pauw yuko nyuma yake anatikisa kichwa kwa kuridhika, jambo ambalo wanawake wa rangi walisema hawajaliona tangu mumewe azikwe.

Ni Bi Stijntje Roeper.

Ndiye kabisa! Mashavu, mikono minene kama nguzo za mlango, hata lile baka la kidevuni! Nilimweleza mwanamke ninayemwona kila siku akikata heringi vichwa. Nikataka kusema. Mama Pauw akawahi kusema kwamba huyu sasa ndiye mwanamke anayeweza kupiga mtu. Nikasema, ndiyo, mama. Mdomo wangu huu!

Haikuishia hapo. Mmoja wa wanawake wa rangi hununua samaki kwa Bi Stijntje. Ilipofika adhuhuri mtaa mzima unajua. Nilipofika nyumbani Bi Stijntje alikuwa mlangoni, amevaa kofia ya Jumapili siku ya Jumatatu. Hakunigombeza kwa matope ya viatu. Alisema tu, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo, "Evert. Kumbe ulikuwa unaniangalia."

Evert! Miaka sita naitwa Bwana Kwadijk, tena akiwa amekasirika.

Sasa hivi ameleta samaki mkunga wa kuoka, na siki pembeni. Mkunga mtamu sana. Nimekula huku najisikia mwizi.


Jumanne, 5 Novemba

Mpango wa pili. Huu ni wa akili.

Mtu aliyeiona picha ya kumi na moja kila siku kwa miaka ishirini na miwili, tena kwa karibu, ni mmoja: aliyekuwa anapigwa. Barend. Lakini kumwuliza Barend waziwazi? Afadhali ningemeza kofia. Kwa hiyo: nimpeleke Barend kilabuni mchana, nimnyweshe, nimwache aropoke, mimi nisikilize tu. Yeye asijue hata kidogo.

Glasi ya kwanza Barend alizungumzia pua yake. Ya pili, pua yake kule Haarlem, ambako mke wa diwani mmoja aliomba kuigusa. Ya tatu sikumbuki alisema nini, kwa sababu nilikuwa nazungumza mimi. Nilimwambia yote. Blom, Bi Stijntje, mkunga, siki. Nilimwambia kwamba sijawahi kumwona mke wangu akicheza kile kipande watu walichokuwa wanatembea maili kumi kukiona.

Barend akaweka glasi chini. "Hukuwahi kumwona?"

"Nilikuwa ndani ya pipa, bwana wee!"

"Miaka yote?"

"Wewe ulikuwa umenikalia!"

Alicheka mpaka nywele zake za bandia zikaanguka kwenye bia ya jirani. Jirani akazitoa kwa kijiko. Nikakasirika, nikasimama, goti likakataa, nikakaa. Nilipomtazama tena Barend alikuwa hacheki. Anageuza glasi mezani, anaigeuza tu. Nikamwuliza basi, alikuwaje? Alichukua kofia yake akaondoka, bila nywele.

Ndivyo alivyo. Bahili wa kila kitu. Hata wa mke wa mtu.

Sitamhitaji! Nina mpango wa tatu.


Jumatano, 6 Novemba

Nitaandika haya kwa utaratibu, ingawa kalamu inateleza. Mikono yangu ni myeusi.

Mpango ulikuwa kuiba mchoro. Bila mchoro Blom hawezi kuchonga, nami napata wiki moja ya kukumbuka. Wakati wa chakula cha mchana kiwanda huwa kitupu. Nikaingia kwa mlango wa uani. Mchoro uko mezani. Nikanyoosha mkono. Funguo za Mama Pauw zikalia kwenye korido!

Pembeni kulikuwa na pipa la masizi wanayotengenezea wino. Tupu. Au nilidhani ni tupu. Mwili una kumbukumbu zake: niliruka ndani kama kijana wa miaka thelathini, nikavuta kifuniko. Masizi yaliyobaki yakanipanda hadi kooni. Nikabana pua.

Mama Pauw akaingia na Blom. Na mtu wa tatu. Nikaijua ile hatua ya kuburuta. Barend!

Alikuwa anasema kwamba mchoro ni uongo mtupu, Evert alichanganyikiwa, mumsamehe, ana huzuni. Mimi nina huzuni! Mbele za watu! Nikataka kutoka nimrarue. Halafu akaomba ufagio. Blom akauliza, alisimamaje? Barend akasema, "Kaa hapo, kijana. Wewe ndiye mimi. Nitakuonyesha."

Na Blom akakaa juu ya pipa.

Juu yangu! Mbao zikalia. Giza. Nikasikia hatua tatu. Kimya kidogo, ule ule. Barend alizishika sawasawa kabisa, hata kile kituo kidogo kabla ya ufagio kupanda. Mtu mwenye miguu mibovu, anatembea kama Aaltje! Machozi yakanitoka, nadhani ni masizi. Na mimi niko wapi? Niko pale pale! Hata sasa, amekufa miaka saba, ninaisikia tu!

Hapana. Nikasimama.

Blom aliruka upande mmoja, kifuniko upande mwingine. Mama Pauw akapiga yowe la kwanza maishani mwake. Nami nikatazama.

Barend alikuwa katikati ya chumba, mzee mwenye upara na fulana iliyotatuka, ufagio juu ya bega, mkono mmoja kiunoni, kidevu kimeinuliwa. Hakutikisa hata kidole. Aliganda vile vile ili nione. Uso wake ulikuwa unacheka bila kufungua mdomo, kama mtu anayeficha pipi. Ndivyo Aaltje alivyokuwa akinitazama nikirudi nyumbani nimechelewa na uongo tayari. Niliujua mara moja. Ulikuwa nami nyumbani siku zote, nami nilidhani ni wa nyumbani tu.

Na macho hayakuwa kwa wakili.

"Alikuwa anatazama wapi?" akauliza Blom kutoka sakafuni, kalamu tayari mkononi.

"Pipa," akasema Barend. "Alikuwa ananipiga mimi, anatazama pipa. Kila siku ya Mungu."

Mama Pauw alipopata pumzi akamnyang'anya Barend ufagio, akanipiga nao hadi barabarani. Ana mkono mzito. Angefaa jukwaani.


Alhamisi, 7 Novemba

Nimeoga mara tatu. Masikio bado meusi.

Bi Stijntje ameambiwa kwamba picha imebadilishwa. Amerudisha kofia ya Jumapili kabatini na mimi nimerudi kuwa Bwana Kwadijk. Alisema neno baya kuliko tusi: alisema haidhuru. Nikamwambia kwamba nilipotakiwa kumweleza mwanamke mwenye afya na nguvu, sikumfikiria mwingine duniani. Ni kweli, na nilikusudia kumsifu. Akanifungia mlango. Leo nimekula mkate mtupu.

Jioni mapema Barend akapanda na chungu cha uji wa maziwa na kiko cha ziada. Tukavuta, miguu yote minne juu ya kisanduku kimoja cha makaa ya kuotea. Nilimwuliza kwa nini hakuniambia palepale kilabuni. Alisema jambo lile huwezi kulisema, lazima usimame. Na alitaka kwanza ajaribu peke yake, maana hakuwa na hakika miguu ingekumbuka.

Nikasema watu walikuwa wanakufa kwa kicheko akiwa anapigwa. Yeye mwenyewe, Barend, alikuwa mzuri sana pale. Sikuwahi kumwambia hilo.

Akapuliza moshi. "Miaka ishirini na miwili napigwa ufagio na mwanamke anayemtazama mtu mwingine. Unafikiri nilikuwa naigiza?"

Nikamwekea uji. Tukakumbuka siku mvua ilipobomoa paa la kibanda kule Purmerend na watazamaji hawakuondoka, wakafunika vichwa kwa mabenchi. Tukakumbuka harufu ya mishumaa ya mafuta ya kondoo, na Aaltje akikaanga chapati za maji nyuma ya pazia kati ya sehemu ya pili na ya tatu, na watu wa mstari wa mbele wakiomba. Tulitaja majina ya wenzetu. Wengi wamekwenda. Siku hizi vijana wanaenda kuona michezo ambamo watu wanalia kwa mashairi ndani ya mashuka meupe.

Barend ni mtu mwema. Nimeandika hapa ili nisisahau. Ni rafiki yangu wa mwisho, na sitamfanyia hila tena maisha yangu yote.


Jumatatu, 11 Novemba

Karatasi mpya zimetoka!

Barend ameziweka mstari wa mbele, na umati darajani kama zamani. Amenipa moja bure, amejifanya anainamia mzigo ili nisimshukuru. Nimekwenda nayo ukingoni mwa mfereji, nikakaa juu ya ngazi.

Picha ya kumi na moja. Haizidi kiganja. Mwanamke wa kupaka njano ameipaka njano yake juu ya ufagio, juu ya wakili, na nusu ya ukuta. Lakini uso ameukosa, uko mweupe, safi. Mistari sita, labda saba. Sijui kijana yule alifanyaje kwa mistari saba. Ni yeye. Ufagio uko juu, mkono kiunoni, anaficha pipi yake mdomoni, na macho yako kwenye pipa.

Nilikaa mpaka goti likaganda. Msichana mdogo wa viatu vya mti akasimama nyuma yangu na nduguye, wakaangalia juu ya bega langu. Nduguye akauliza nani yuko ndani ya pipa. Msichana akasema, "Lammert, mjinga wewe. Huoni anavyomcheka?"

Nikataka kumwambia. Nilikunja karatasi mara moja tu, katikati, ambapo mkunjo haupiti juu ya mtu.


Jumatano, 13 Novemba

Habari! Mama Pauw ameuza karatasi zote na anataka nyingine upesi. Safari hii ni Daktari wa Hoorn, mchezo wetu wa tapeli anayewatibu wagonjwa kwa kuwapigia tarumbeta sikioni. Picha ishirini! Na daktari yumo katika zote ishirini!

Daktari alikuwa Barend, ni kweli. Mimi nilikuwa nabeba mkoba. Lakini Blom ni kijana, hakuwahi kuuona. Aliponiuliza nani alicheza daktari, mdomo wangu ukasema ni mimi. Sasa ukishasema, umesema. Na Barend amekwenda Zaandam kwa dada yake mpaka Jumamosi, hivyo sioni atakayeumia. Akirudi ubao utakuwa umeshachongwa. Atacheka. Ni rafiki yangu.

Nakaa mbele ya Blom kesho saa tatu asubuhi. Joho nimeazima kwa mzika maiti. Tarumbeta nimeipata, haina mdomo lakini kwenye picha haitalia. Kilichobaki ni pua, maana daktari asiye na pua ndefu si daktari. Nimeitengeneza kwa nta, nimeibandika leo nione. Nzuri! Ndefu kuliko yake kwa kidole kizima!

Nimeketi nayo karibu na jiko nikifanya mazoezi ya kukunja uso. Nta imeanza kushuka kwenye mdomo wa juu, na unyusi wa kulia umeshika pamoja nayo. Nimevuta. Haitoki. Haidhuru, nitalala nayo. Nitamwambia Blom aanzie na upande wa kushoto.